Tairi Nilizochonga kwa Mkono Wangu

Wiki iliyopita niliweka picha ya gari lililojaa tope mpaka juu ya paa, na mimi pembeni nimeshika geji ya upepo. Watu wengi wakauliza, wewe umeanza lini mambo ya mbio za magari? Wengine walicheka kabisa, eti mkimbizi amepata wapi pesa ya kukimbiza gari. Jamani, mimi sikimbizi gari. Mimi ni mtu wa tairi. Lakini hilo la "umeanza lini" jibu lake ni refu, na lina sehemu ambayo sijawahi kuisema hapa. Ndiyo maana niliomba zamu ya kuandika mwezi huu.

Nianze na tope, manake tope nililijua kabla ya gari. Mjomba wangu alikuwa taniboi wa lori kwenye barabara ya Bukavu kwenda Kamituga. Waliotoka kule wanaijua, sina haja ya kueleza sana. Msimu wa mvua safari ya siku moja inakula wiki, na malori yanalala kwenye foleni kama ng'ombe. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu aliponibeba mara ya kwanza. Kabla dereva hajaingia kwenye dimbwi, mjomba anashuka na fimbo, anaichoma chini. Fimbo ikigonga kitu kigumu kabla ya kufika goti, anapiga mluzi, lori linapita. Isipogonga, tunaenda kukata matawi. Nilimuuliza siku moja kwa nini lori la jirani yetu lenye tairi nyembamba linapita mahali ambapo letu la tairi pana linabaki linazunguka tu. Akasema tope lenyewe halishikiki, mtoto. Tairi inatafuta kilicho chini yake, na ile nyembamba inafika haraka.

Hayo niliyabeba kichwani bila kujua kwamba ni elimu.

Nilifika Kampala mwaka 2021 nikitokea Nakivale. Nikapata kazi kwenye gereji moja ambayo sitaitaja, kuziba pancha na kufunga tairi, shilingi elfu kumi na tano kwa siku, siku nyingine elfu kumi, siku nyingine "njoo kesho". Bosi hakuwa mtu wa matusi. Alinipa chai. Aliponiuliza kama mkono wangu hautetemeki nikasema hautetemeki, akasema basi jioni utabaki, nitakufundisha kuchonga.

Kuchonga ni hivi. Tairi ikiisha kashata, ile michoro ya juu, inabaki laini, ndiyo hiyo tunaita kipara. Kipara hakiuziki. Basi unachukua kisu kilichopindwa ncha kama herufi U, unakipasha moto kwenye sigiri, unafuata mistari ya zamani taratibu. Mpira unatoka kama tambi nyeusi. Harufu yake inakaa kwenye nguo mpaka Jumapili kanisani. Ukimaliza unapaka rangi ya viatu, unafuta na kitambaa, na tairi iliyokufa inang'aa kama imetoka dukani. Tairi nzuri ya gari dogo ikiwa mpya ina kashata za karibu milimita 8. Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo. Kashata zikiisha mpaka kuwa sawa na hivyo vituta, zimebaki milimita 1.6, na hiyo ndiyo alama ya kutupa. Chini ya hapo umebaki mpira wa milimita chache tu, halafu ni nyaya za chuma. Sisi tulikuwa tunachonga hapo hapo, kwenye hizo milimita chache.

Wateja wetu wengi walikuwa wenye taksi, zile basi ndogo za abiria kumi na wanne. Na mimi nilikuwa hodari. Nasema hivi bila kujisifu. Bosi alikuwa anawaambia wenzake, huyu Mkongo ana mkono wa daktari. Natumia mkono wa kushoto, kwa hiyo mistari yangu ilikuwa inalala kidogo upande, kama maandishi ya mtu mwenye haraka. Nilichonga kwa miezi saba. Msinihurumie kwa kusema sikujua. Mtu anayeshika kisu anajua kimebakiza nini. Kisu kikikaribia chuma kinaanza kukwaruza, unakisikia mkononi kabla ya sikio.

Nieleze kitu kimoja hapa, kwa sababu najua kuna mafundi kwenye kikundi watabisha. Kuchonga tairi si dhambi yenyewe kama yenyewe. Tairi nyingi za malori zina neno REGROOVABLE pembeni. Hizo kiwanda kiliacha mpira wa ziada chini makusudi, ili zichongwe mara moja kabla ya kustaafu. Na watu wa rali wanachonga tairi mpya kabisa, zenye nyama nene, ili tope lipate njia ya kutokea. Tofauti ni nyama. Wao wanachonga nyama, sisi tulikuwa tunachonga ngozi.

Sasa Anti. Simtaji jina, na yeye anajua naandika. Ni mama wa miaka arobaini na kitu, ana duka la vifaa vya ujenzi, alisoma Kenya kwa hiyo Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha wengi hapa mjini. Ana Toyota Corolla ya zamani, ile inayovuta kwa magurudumu ya mbele, aliyoitoa viti vya nyuma na kuifunga vyuma ndani. Jumapili moja moja anaenda kukimbia kwenye viwanja vya udongo. Hana mdhamini, hana timu. Wapo wengi kama yeye: mwalimu, daktari wa meno, muuza samaki. Wanakimbia kwa hela yao na Jumatatu wanarudi kazini na shingo inauma.

Ilikuwa Oktoba, mvua ile ya kila siku saa tisa. Alhamisi Anti akaja gereji, anasema Jumapili ana mbio na bila shaka kutakuwa na tope, anataka tairi za mvua. Bosi akamwonyesha nne zilizokuwa zimepangwa ukutani. Nilizijua. Nilizimaliza usiku wa Jumanne. Zilikuwa pana, 185, za ringi kumi na nne, mifereji imenyooka, nyeusi tiii. Bosi akasema hizi Anti ni za mvua kabisa, tazama mifereji ilivyo. Anti akatazama. Akanitazama na mimi. Nilikuwa nimeinama natafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwangu.

Nikazifunga. Nikajaza upepo. Akalipa laki nne na nusu. Akanipa mimi elfu tano ya soda.

Usiku ule nilikuwa nahesabu. Si mnajua vile mtu anavyohesabu usiku. Taksi sikuwahi kuzihesabu hivyo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi mpaka leo: abiria kumi na wanne hawakuninyima usingizi, lakini mama mmoja mwenye kofia ya chuma alininyima. Labda kwa sababu ya ile elfu tano. Labda kwa sababu taksi inaondoka na sura za watu sizioni. Nilijua pia ninachohatarisha. Chumba nilikuwa nalipia laki moja kwa mwezi, mdogo wangu alikuwa amerudi shule muhula ule ule, na gereji nyingine zilikuwa hazichukui mtu ambaye mwenzao amemfukuza.

Namba yake ilikuwa kwenye kitabu cha risiti. Ijumaa mchana nilimpigia nikiwa chooni. Nikasema, Anti, samahani, ni yule kijana wa tairi, naomba tuonane, lakini si gereji. Akanyamaza. Nafikiri alidhani nataka hela. Akasema njoo kituo cha mafuta karibu na dukani kwangu, saa kumi na mbili.

Pale kituoni sikuwa na hotuba. Nilichuchumaa nikamwonyesha namba kwanza. Tairi nyingi zina herufi DOT pembeni, na mwisho wake kuna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yake ilisema 2309. Wiki ya 23, mwaka 2009. Anti, nikasema, hii imezaliwa kabla hujafungua duka. Kisha nikamwambia akandamize ukucha wa kidole gumba kwenye mpira. Mpira mzuri unakubali ukucha, unaacha alama kidogo na alama inafutika. Huu ulikuwa kama kwato. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo. Unakauka, unakuwa mgumu, na mpira mgumu kwenye maji ni sabuni, hata ukiwa na mifereji mia. Halafu nikawasha tochi ya simu nikamwonyesha ndani ya mfereji mmoja wa tairi ya kulia mbele. Kulikuwa na kitu kinang'aa, chembamba kama uzi.

"Hiyo ni nini?"

"Waya, Anti."

"Nani alichonga hizi?"

Nikasema ni mimi.

Alisimama muda mrefu. Mvua ilikuwa inapiga bati la kituo. Nilidhani ataita askari, na mwenzangu wa mjini, unajua mkimbizi akiitiwa askari anaanza kutafuta karatasi mfukoni hata kama karatasi zipo. Akasema kwa sauti ndogo, "Ningejua ningekupiga makofi Alhamisi." Halafu akasema, "Kesho saa mbili asubuhi utakuja unitafutie zinazofaa. Na wewe ndiye utakayezifunga."

Jumamosi ile ndiyo siku niliyojifunza kuchagua tairi kweli, manake mpaka hapo nilikuwa nafunga tu ninachopewa. Tulienda soko la Kisekka tukazunguka mpaka miguu ikauma. Anti alikuwa bado anataka pana. Kila mtu anataka pana, gari linaonekana la mbio. Nikamweleza mambo ya mjomba na fimbo. Akasema huko ni lori. Nikasema udongo haujui hili ni lori au Corolla.

Nitaandika hapa yale tuliyobishania, kwa sababu wale wa boda boda humu ndani yanawahusu pia.

Maji na tope si kitu kimoja. Kwenye lami yenye maji, hatari ni gari kuelea. Tairi inasukuma maji mbele, na mwendo ukizidi maji hayapati muda wa kutoka kupitia mifereji, yanaingia chini kama kabari, gari linapanda juu yake, usukani unakuwa mwepesi kama wa mtoto wa kuchezea. Watu wa NASA walichunguza jambo hili miaka ya 1960 kwa ajili ya ndege, wakapata kwamba mwendo wa kuanza kuelea unafuata upepo ulio ndani ya tairi. Nilipiga hesabu yao kwenye simu: tairi yenye PSI 25 inaweza kuelea kuanzia kama kilomita 83 kwa saa, na ya PSI 36 kama kilomita 100. Hiyo ni pale maji yamezidi kina cha kashata, au kashata hazipo kabisa. Kwa hiyo kwenye lami ya mvua usipunguze upepo. Mifereji iwe ya kina, mpira uwe laini, upepo uwe kamili.

Tope ni kinyume chake karibu chote. Pale huogopi kuelea, unaogopa kuzama bila kufika. Kashata nyembamba nyembamba za tairi ya mjini zinajaa udongo baada ya mzunguko wa kwanza wa gurudumu, na hapo una kipara cha udongo. Unataka vibonge vikubwa vilivyoachana, ili gurudumu likizunguka udongo urushwe nje. Unataka tairi nyembamba, ikate juu ifike kwenye ule udongo mwekundu mgumu wa chini. Tairi za rali zenyewe zipo, za kuagiza, na bei yake Anti alinionyesha kwenye simu akacheka. Nne zingekula stoo yake ya saruji.

Tulizozipata zilikuwa 165R13C. Hiyo C ni tairi za magari madogo ya mizigo, vile vigari vya kubeba nyanya. Mbavu zake ni nene, kashata zina vibonge, na pembeni zilikuwa na M+S, maana yake ni kwa tope na theluji. Theluji tumshukuru Mungu hatuna. Mtumba, lakini DOT ilisema 4819, na ukucha uliingia. Za ringi kumi na tatu, kwa hiyo tukatafuta na ringi. Kwa kimo zilikuwa sawa na zile 185, nilipima kwa kamba. Muuzaji alituuliza gari la nyanya liko wapi. Anti akasema ndiye mimi.

Kuna mwingine alitaka kutuuzia tairi nzuri ya gari dogo, imeandikwa TREADWEAR 500. Nilikuwa nadhani namba kubwa ndiyo bora. Kumbe ile namba inasema tairi itadumu kiasi gani, na mara nyingi inayodumu sana ni ngumu. Kwa taksi ni baraka, kwa mbio za mvua ni mzigo. Tazama herufi iliyoandikwa TRACTION, AA, A, B au C. Hiyo ndiyo inapimwa kwa breki kwenye barabara yenye maji. Lakini hata hiyo haikuambii kitu kuhusu tope. Tope linapimwa na fimbo.

Jumapili tukaenda Busiika, kule Luweero. Nilibebwa mbele ya gari la rafiki yake, na jeki, pampu na geji miguuni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi na mapema kabla ya watu kujaa niliutembea uwanja mzima kwa miguu na fimbo. Watu walinicheka, eti mchungaji amepoteza mbuzi. Kona ya juu, ngumu kwa kina cha vidole viwili. Kona ya chini karibu na mtaro, fimbo iliingia mpaka nusu. Kwenye mnyooko mrefu kulikuwa na dimbwi pana limekaa juu ya udongo mgumu kabisa. Pale palikuwa kama lami. Nikamwambia Anti: kona ya chini kaa nje, usifuate alama za wenzako, na kwenye dimbwi usishike breki wala usigeuze, pita umenyooka.

Upepo niliweka PSI 20. Kumbukeni hiyo namba.

Mzunguko wa kwanza nilishindwa kutazama, halafu nikatazama. Corolla ilikuwa inapiga kelele kama mashine ya kusaga, inarusha tope mpaka juu ya mabango, lakini inakwenda inakoelekezwa. Magari yenye tairi pana yalikuwa yanacheza kama mtu anayetembea kwenye maganda ya ndizi. Moja lilifika kwenye lile dimbwi kwa kasi, nikaliona pua inainuka, magurudumu ya mbele yamegeuzwa kulia na gari linaenda moja kwa moja, mpaka kwenye tuta la udongo. Dereva alitoka mzima, anapiga kofia yake teke. Anti akamaliza wa nne katika kundi lake. Hajawahi kuwa wa nne. Alishuka ananikumbatia na tope lote lile.

Ningeishia hapo mngesema fundi shujaa. Mzunguko wa pili, kona ya chini, gurudumu la mbele kushoto liliingia kwenye mfereji uliochimbwa na wenzake, likabanwa, na tairi ikavuka ukingo wa ringi. Upepo wote puu. Alisimama palepale. Nilikimbia na jeki nikijua tayari ni nini. PSI 20 ilikuwa upepo wa mjomba, wa lori linalotambaa kwa kilomita 5 kwa saa kwenye tope la Mwenga. Gari linaloingia kona kwa kilomita 60 linaisukuma tairi kwa ubavu, na upepo ukiwa mdogo hakuna kinachoibana kwenye ringi. Nilikuwa nimejua tope na sikujua mbio. Tukaweka 26.

Na mzunguko wa tatu jua likatoka. Si jua la mchezo, lile la saa nane la kuchoma. Ndani ya saa moja uwanja ukakauka juu, tope lililobaki likasukumwa pembeni na magari, njia ikawa ngumu, nyekundu, inang'aa. Hapo tairi nyembamba zenye vibonge hazina la kufanya. Vibonge vinajipinda, mpira unapata moto, gari linaelea tena ingawa maji hayapo. Wale wa tairi pana wakampita mmoja mmoja, mpaka muuza samaki akampita. Alimaliza wa pili kutoka mwisho. Timu kubwa wana seti mbili tatu za kubadilisha. Safari Rally ya Naivasha mwaka 2024 iliwekwa mwezi Machi badala ya Juni ya miaka mitatu ya nyuma, yaani mvua ikaingia kwenye hesabu, na bado kila dereva mkubwa alikuwa na ngumu na laini za kuchagua. Asiye na mdhamini anachagua mara moja asubuhi, halafu anaishi na alichochagua mpaka jioni. Kuchagua tairi ya mvua ni kubashiri saa nane ukiwa saa mbili.

Anti hakukasirika kuhusu jua. Kuhusu PSI 20 alikasirika kidogo. Aliniambia ninunue daftari, kila mbio niandike: mvua kiasi gani, fimbo iliingia wapi, upepo kabla, upepo baada. Ninalo la pili sasa. Kurasa za mwanzo zinaonyesha wazi kwamba siku ya jua tairi ikianza na 26 inarudi na 31 au 32 kwa sababu ya joto, na siku ya mvua inarudi na 28, kwa hiyo siku ya mvua lazima uanze juu kidogo kuliko unavyofikiri. Hakuna aliyenifundisha hilo. Daftari ndilo lilinifundisha.

Kuhusu bosi. Jumatatu Anti alienda kudai hela yake na alirudishiwa, manake ana sauti. Hakunitaja. Lakini bosi si mjinga, na waya ule uliokuwa unaonekana ulikuwa na ushahidi wa kutosha. Hakunifukuza kwa maneno. Alisema "njoo kesho" siku nne mfululizo. Siku ya tano sikwenda. Mdogo wangu alikosa shule wiki tano mpaka nilipopata watu wa kufungia tairi nyumbani kwao, kwanza Anti, halafu yule daktari wa meno, halafu wengine. Sasa Jumamosi zangu zimejaa, na siku nyingine nazunguka na pampu yangu. Si kazi kubwa. Kodi inalipika, mwezi mwingine kwa tarehe tano, mwezi mwingine kwa tarehe kumi na mbili.

Wengi wataniuliza kama zile tairi zangu zingepasuka Jumapili ile. Sijui. Pengine zisingepasuka. Nimeona vipara vilivyochongwa vinatembea mwaka mzima. Anti alizikata moja kwa msumeno, kipande kimoja kiko dukani kwake juu ya mizani ya misumari, wateja wanaona jinsi mpira ulivyo mwembamba pale chini ya mfereji. Kwenye ncha moja hauzidi ganda la chungwa.

Na zile nyingine, za miezi saba, bado ziko mjini. Mvua ikinyesha nasimama stendi natazama magurudumu kabla ya kutazama bei. Mwezi uliopita niliona moja, nyuma kulia, mistari imelala upande. Nilichuchumaa nikagusa. Ilikuwa yangu. Nikamwambia dereva, mzee, hii tairi haifai, usiende na watu nayo kwenye mvua, hii imechongwa. Akaniuliza wewe umejuaje. Nikamwambia. Abiria walikuwa wanasikia, dirisha lilikuwa wazi. Mama mmoja mwenye mtoto akashuka, akafungua mwavuli. Wengine walibaki. Kondakta akagonga bati mara mbili, gari likaondoka.